Amana za Watu Ndani ya Kaseti



Ndugu yangu msomaji, post ya leo ni ndefu, na sehemu yake moja inanihusu mimi mwenyewe kwa ubaya. Kama una shughuli, ihifadhi uisome baada ya Isha. Lakini uisome mpaka mwisho, maana mwisho kuna jambo nakuomba, na huenda linakuhusu wewe au mzee wako.

Ramadhani iliyopita, katika darsa la baada ya Alasiri, nilizungumzia umri na namna tunavyouchezea. Nikatafuta mfano wa kuchekesha kidogo, kwa sababu watu wamefunga na wanasinzia. Nikasema: huko Ulaya wapo watu wazima, wana wake na wajukuu, wanakusanyika ukumbini kutwa nzima kuchezea kompyuta za miaka ya themanini. Kompyuta ambazo simu ya mtoto wako inazishinda kwa kila kitu. Wanazichomea waya, wanazipangusa, wanazitafutia kaseti zake. Nikasema, jamani, mtu huyu ataulizwa umri wake aliutumia katika nini, atajibu nini? Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Kipande kile kikakatwa kikasambazwa.

Siku ya tatu nikapata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa kwetu anayeishi Rotterdam, Uholanzi. Hakunitukana. Alianza kwa salamu kamili, akaniombea dua, kisha akaandika: "Sheikh, mimi ni mmoja wa hao uliowataja. Naomba nikueleze tunafanya nini, halafu kama ni upuuzi utaniambia." Akaniandikia maelezo marefu. Kwamba kompyuta anazozitunza zinaitwa MSX. Kwamba mwaka 1983 kampuni za Japani zikishirikiana na Microsoft zilikubaliana mfumo mmoja, ili programu iliyoandikwa kwenye kompyuta ya kampuni hii ifanye kazi kwenye ya kampuni ile. Sony walitengeneza, Yamaha, Philips na wengine wengi. Ziliuzika sana Japani, Uholanzi, Hispania na Brazili. Kisha akaandika: "Na Waarabu walikuwa na ya kwao, kutoka Kuwait, inaitwa Sakhr."

Niliposoma neno Sakhr, mate yalinikauka mdomoni. Sasa nikueleze kwa nini.

Ami yangu, Allah amrehemu, alifanya kazi Muscat miaka ya themanini, ukaranini, akikaa Ruwi. Wazee wetu wanajua zama zile zilivyokuwa. Kutuma pesa nyumbani haikuwa kubonyeza simu. Ulimpa mtu unayemwamini, akakuhifadhia, akipatikana msafiri anampa, na msafiri anafikisha. Ami alikuwa mtu wa kuaminiwa. Watu wa kwetu waliokuwa wakifanya kazi kule, wengine vibarua, wengine wapishi, walimwachia vijiriali vyao. Aliporudi Unguja mwaka 1990 alikuja na sanduku la nguo, feni, na kompyuta moja nyeusi ya Sakhr yenye herufi za Kiarabu na za Kizungu kwenye vidole vyake. Unaichomeka kwenye TV, na kumbukumbu yake unaihifadhi kwenye kaseti, kaseti hizi hizi za kusikilizia mawaidha na taarabu.

Sisi watoto tulijazana sebuleni kuitazama. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona herufi ya ain ikijibadilisha yenyewe kwenye kioo: mwanzoni mwa neno sura hii, katikati sura nyengine, mwishoni nyengine. Wakati ule niliona ni jambo la kawaida. Leo najua halikuwa la kawaida hata kidogo. Mashine zile zilitengenezwa kwa watu wanaoandika kutoka kushoto, herufi moja moja, kila moja na umbo moja. Mtu aliyekaa akasema Kiarabu lazima kiingie humu ni Mohammed Al-Sharekh wa Kuwait, aliyeanzisha kazi ya Sakhr mwaka 1982. Kampuni yake ndiyo iliyoingiza Qur'ani kwenye kompyuta, kisha baadaye vitabu tisa vya hadithi. Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, kazi ile ikahamia Cairo. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu. Amefariki 2024. Wewe unayetafuta hadithi kwenye simu yako kwa neno moja ukaipata kabla chai haijapoa, mtu huyu na wenzake walikutangulia kwenye njia hiyo, na pengine hujawahi kulisikia jina lake. Mwombee rehema.

Turudi kwa ami.

Ami alifariki mwaka 2009. Aliacha mke, mabinti wawili, nyumba, na shamba la mikarafuu. Hakuacha mtoto wa kiume. Baba yangu, ndugu yake, alikuwa keshatangulia. Wanaojua mirathi wameshanielewa. Mke thumuni, mabinti wawili theluthi mbili, na kilichobaki ni cha asaba, na asaba alikuwa mimi peke yangu. Na aliyeombwa kuigawa mirathi ile, kwa kuwa ndiye msomi wa familia, nilikuwa mimi huyo huyo.

Katika daftari lake ami alikuwa ameandika mstari mmoja: amana za watu zimo kwenye kaseti ya njano, walipwe kabla ya chochote.

Kaseti ya njano tuliipata. Kompyuta tuliipata stoo, ilikuwa imekaa na unyevu miaka mingi. Nilipoichomeka ilitoa harufu ya kuungua ikazima, basi. Nikaichukua kaseti nikaitia kwenye redio ya nyumbani. Ikatoa mlio mkali, kama nyenje aliyenaswa kwenye chupa, kisha redio ikaimeza. Utepe ukajikunja ndani. Nikautoa kwa kalamu, nikauviringisha tena, nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Akacheka. Akasema hiyo imekufa, sheikh, itupe.

Mimi nikaridhika, na hapo ndipo ulipo ubaya wangu. Niliridhika upesi mno. Tulitangaza msikitini mwenye deni ajitokeze, wakajitokeza wawili, tukawalipa. Kisha tukagawa. Mabaki niliyopata niliezekea nyumba yangu. Mimi ambaye kila mwaka nawasomesha watu kwamba mali ya maiti haigawiwi mpaka atolewe katika deni lake! Kila mvua iliponyesha juu ya bati lile nilikuwa nakumbuka, kisha najiambia: ulifanya uwezavyo. Wallahi sikufanya niwezavyo. Nilimuuliza fundi mmoja, siku moja, na jibu lake likanifaa.

Basi nilipomjibu yule kijana sikumjibu kuhusu upuuzi. Nilimuuliza: kaseti iliyolala tangu zama zile na imewahi kumezwa na redio, inasomeka?

Akanipigia simu saa ile ile. Jambo la kwanza alilosema: "Sheikh, usiipige tena, hata mara moja. Usiitie posta. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, sio ya plastiki, mbali na spika na jua. Nakuja Disemba."

Alikuja, na begi moja la nguo na moja la vyombo. Nataka nikuelezee alichofanya, kwa sababu mimi nilidhani watu hawa wanacheza tu, na nilichokiona sikukiona hata kwa baadhi ya wanafunzi wangu wanaohakiki vitabu.

Kwanza aliifungua kaseti skrubu zake tano, akautoa utepe wote akauhamishia kwenye ganda la kaseti mpya, kwa sababu ile ya zamani sifongo inayousukuma utepe kwenye kichwa cha redio ilikuwa imebanduka. Ukingoni mwa utepe mlikuwa na ukungu mweupe. Aliupangusa kidogo kidogo, Adhuhuri mpaka Alasiri. Kisha akasafisha kichwa cha deki yake kwa spiriti na kijiti cha pamba, akaanza kukizungusha kwa bisibisi ndogo, robo ya robo, akisikiliza kwa vipokea sauti. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema kila redio kichwa chake kimeinama kivyake, na iliyorekodi kaseti hii ilikuwa na mwinamo wake, lazima niupate ule ule.

Akanieleza ile sauti ya nyenje ni kitu gani. Kompyuta ile huandika kwa mlio. Sifuri ni wimbi moja la mitetemo 1200 kwa sekunde, moja ni mawimbi mawili ya mitetemo 2400. Hakuna zaidi ya hapo. Majina ya watu, riali zao, yote ni mlio mnene na mlio mwembamba unaopishana. Uholanzi, akasema, kulikuwa na kipindi cha redio zama zile kilichorusha programu za kompyuta hewani, watu wakizirekodi nyumbani kwenye kaseti. Nikamwambia hayo makelele nani aliyavumilia? Akacheka, akasema waliyasubiri kama sisi tulivyosubiri mwezi.

Hakuiunganisha kaseti na kompyuta ya zamani moja kwa moja. Aliirekodi kwanza sauti yote kwenye laptop, upande wa kwanza mara tatu na wa pili mara tatu. Akasema utepe huu kila unapopita kwenye deki unaacha chembe, kwa hiyo tunaupitisha mara chache, halafu kazi iliyobaki tunaifanya juu ya rekodi. Ndipo akawasha kompyuta yake, Philips ya mfumo ule ule, ambayo alibadilisha kapasita zake mwenyewe. Akaipigia ile rekodi kutoka kwenye laptop. Tukakaa kimya. Kwenye kioo likatokea neno la Kiingereza la kusema kimepatikana, na mbele yake herufi tano: AMANA.

Siwezi kukueleza nilivyokuwa. Nilitoka nje nikasimama barazani.

Niliporudi alikuwa amekunja uso. Ilikuwa imepatikana lakini imekwama katikati na kutoa kosa. Akasema sasa ndiyo kazi inaanza. Ami alikuwa ameihifadhi mara mbili, mara moja kila upande, Allah amlipe. Upande wa kwanza ulikuwa na ukungu mahali, wa pili ulikuwa na mkunjo. Kijana akakaa siku mbili akilitazama wimbi la sauti kwenye laptop kama daktari anavyotazama picha ya mapafu, akitoa herufi upande huu na kuilinganisha na upande ule. Akaniambia jambo la kutisha: mfumo ule wa kaseti hauna alama ya kujihakiki. Herufi ikigeuka, kompyuta haijui. Inasoma tu, kwa kujiamini. Ndiyo maana, alisema, sisi tunaotunza vitu hivi hatuiamini nakala moja. Programu ya zamani ikipatikana kwa mtu wa Hispania, hatusemi tumeipata mpaka itoke nyengine kwa mtu wa Brazili ambaye hawajuani, zilinganishwe baiti kwa baiti.

Nilimtazama. Nikamuuliza kama amewahi kusoma jinsi Zayd bin Thabit alivyoikusanya Qur'ani zama za Abubakar, Allah awaridhie, baada ya mahafidhi wengi kuuliwa Yamama. Namna alivyokuwa yeye mwenyewe hafidh, na bado hakukubali aya iliyoandikwa ila kwa mashahidi wawili. Akasema alisomeshwa chuoni akiwa mdogo, na kwamba kila anapolinganisha nakala mbili huwa anaikumbuka. Ndugu yangu, simfananishi mtu na sahaba, wala mchezo wa kompyuta na Kitabu cha Allah. Nasema tu kijana huyu alikuwa na adabu ya kazi, na mimi nilimcheka mbele ya msikiti mzima bila kumjua.

Palitokea mahali ambapo upande wa kwanza ulisema riali 10 na wa pili ulisema 50. Akanionyesha: kwa mashine ile, tofauti ya tarakimu 1 na tarakimu 5 ni alama moja tu kati ya nane. Wimbi moja limebonyea, riali arubaini za mtu zimekwenda. Upande wa pili wimbi lilikuwa zima, wa kwanza limesagika. Nikasema tutaandika 50. Hata kama pande zote zingekuwa na shaka, tungelipa 50, kwa sababu kulipa zaidi kunasameheka.

Orodha ilikuwa ya watu 23. Yote, pamoja na programu yake, ni sauti ya chini ya nusu dakika. Kila jina na riali zake na herufi moja mbele: L aliyelipwa, B bado. Kumi na tisa walikuwa L. Wanne B. Mmoja wao ni katika wale wawili tuliokwisha kuwalipa mwaka 2009. Yule mwengine aliyejitokeza mwaka ule, jina lake lina L. Ami alikwisha kumlipa. Mimi nikamlipa tena. Hilo nimemwachia Allah.

Wakabaki watatu. Wa kwanza tuliwapata warithi wake Muscat. Wa pili ni bibi mmoja Pemba, yuko hai, alikuwa akipika kwenye nyumba ya watu Muscat. Nilikwenda mwenyewe. Sikumwambia kiasi. Nilimuuliza tu kama anakumbuka alimwachia marehemu nini. Akasema bila kufikiri: hamsini. Nikamwambia, mama, mbona hukuja miaka yote hii? Akanijibu, "Mwanangu, mimi ami yako namjua. Nilijua yeye hanidhulumu. Nikasema kama hazijanifika, basi kuna mtu kazikalia." Alisema kwa upole tu, akanikaribisha chai. Ile chai sijui niliinywaje.

Kulipa nililipa kwa riali, sio kwa shilingi za wakati ule, maana aliacha riali. Na nimelipa kwenye mali yangu. Binti ami walitaka kuchangia, nikakataa. Wao walichukua walichogawiwa. Mgawaji ni mimi.

Kijana kabla hajaondoka nilimuuliza kuhusu wenzake. Akaniambia juu ya mkusanyiko wa watu wa MSX huko Nijmegen, na juu ya openMSX, programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ile ya zamani, ambayo watu wanaijenga bure tangu 2001. Nikamuuliza kama fakihi: na haki za wenye programu? Hakunikwepa. Akasema wapo wasiojali, na wapo wanaojali mpaka wakaandika upya wenyewe ile programu ya msingi ya mashine, inaitwa C-BIOS, ili asiyemiliki kompyuta asilazimike kuchukua ya mwenyewe. Lakini hiyo haina lugha ya kusomea kaseti ya ami, ndiyo maana yeye alibeba mashine yake halisi ndani ya ndege. Bado naona wengi wao wanachocheza ni michezo, na mchezo unaokupitisha Alfajiri ni mchezo ule ule, uwe wa 1987 au wa jana. Nilimwambia hivyo na alikubali. Lakini lile neno nililolisema mimbarini nimelirudisha, mimbarini pale pale, Ijumaa mbili zilizopita, na kipande hicho nawaomba mkisambaze kama mlivyosambaza kile.

Sakhr ya ami ameondoka nayo. Anasema kilichoungua ni sehemu ya umeme tu, na itawaka.

Amebaki mtu wa tatu. Jina lake upande wa kwanza limeliwa na ukungu. Upande wa pili lingekuwepo, lakini mahali pale ndipo utepe ulipojikunja, siku ile nilipoitia kaseti kwenye redio yangu. Kijana alijaribu usiku kucha. Limebaki jina moja kati ya mawili, na kiasi chote kiko salama.

Kwa hiyo nakuomba. Kama wewe, au mzazi wako, alifanya kazi Muscat kabla ya 1990, na aliwahi kumwachia pesa karani mmoja wa Kiunguja aliyekuwa akikaa Ruwi, muulize leo, maana wazee wanaondoka. Jina lililobaki sitaliandika hapa, wala kiasi sitakitaja, na mnajua hukumu ya kilichookotwa: mwenyewe ndiye anayezitaja alama zake. Aniandikie faragha, aniambie jina kamili la aliyeweka, na aliweka riali ngapi. Asiandike kwenye maoni. Pesa zipo, nimeziweka kando kwa riali.